Shangazi, naambiwa niwe kama mti, mbona mimi siwezi?

Shikamoo shangazi,

Naomba usinicheke kwa hili swali, manake hata mwenyewe nimeliandika nikalifuta mara kibao. Mimi ni kijana wa kiume, thelathini nimeshaipita, nilikuwa na kazi nzuri tu, siku moja kampuni ikafungwa, tukaambiwa asubuhi ile ile kila mtu akusanye vitu vyake. Nikasema sawa, kazi zipo, nitapata ingine. Kabla sijakaa sawa mama akaanza kuumwa, nikamuuguza mimi kwa sababu mimi ndo nilikuwa sina pa kwenda asubuhi, na mwisho akafariki. Tangu tumzike mama sijawa yule mtu tena. Mchana nalala sana, usiku usingizi hamna, simu naiweka sailenti, meseji za watu nazisoma juu juu afu sijibu, kuna jamaa mmoja tulifanya kazi pamoja ananitafuta sana na mpaka sasa sijampigia kwa sababu sijui hata ntamwambia nini.

Naishi kwa kaka yangu mkubwa, yeye na mke wake wamenipokea vizuri, siwezi kulalamika. Ila kaka anaongea. Kila siku ni amka, changamka, dunia hii ni ya wenye nguvu, angalia hata wanyama, swala akizubaa analiwa. Najua ananipenda na hasemi kwa ubaya, lakini kila akisema hivyo nasikia mimi ndo yule swala. Upande mwingine kuna watu wanaonitumia picha na maneno matamu, kuwa kama mti ulioota kwenye mwamba, kuwa kama kipepeo, na dada mmoja tunayefahamiana alinitumia sauti ndefu kabisa ananishauri nitoke nje nikaangalie viumbe wanavyopambana, eti nitajifunza na nitapata nguvu.

Basi nikajaribu. Hapo nje kwa kaka kuna mti uliwahi kupigwa na radi, upande mmoja umepasuka toka juu mpaka karibu na chini, magome yameachia, ndani unaona mti mkavu kabisa, ila upande wa pili unatoa majani kama kawaida. Nikakaa nikauangalia jioni nzima. Ukweli shangazi, sikupata nguvu yoyote, nilipata hasira. Nikawaza, mti umepigwa na radi na unaendelea na maisha, mimi nimefiwa na nimekosa kazi kama watu wengine wengi tu, nashindwa hata kutoka kitandani.

Sasa nakuomba uniambie bila kunibembeleza. Kweli kuna cha kujifunza huko kwenye asili mtu ukiwa kwenye kipindi kigumu, au ni maneno tu ya kumnyamazisha mtu? Na kama kipo, mbona mi nikiangalia naona tu nilivyo dhaifu? Na kaka nimjibu nini?

Niliyechoka

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa msiba wa mama, pole na kwa kazi. Naanza na hiyo pole kabla ya yote kwa sababu kwenye barua yako nzima sijaona mahali mtu alikaa na wewe akakupa pole ikaishia hapo hapo, kila aliyekuja amekuja na ushauri mkononi. Na mimi nakuja nao kwa vile umeniomba, ila pole kwanza.

Swali lako nalijibu bila kuzunguka: ndio, cha kujifunza kipo, tena kingi, lakini hao wanaokutumia picha wamekuonyesha mwisho wa stori tu. Wanakuonyesha ua lililotokeza kwenye ufa wa jiwe, hawakuonyeshi mbegu ilikuwa inafanya nini muda wote kabla ya hapo. Ukikaa ukaangalia viumbe vinafanya nini hasa mambo yakikaza, utakuta vingi havipambani hata kidogo. Vinapunguza. Vinapunguza kula, vinapunguza kutembea, vinaacha kukua, vinajificha, vinasubiri, na vinategemeana. Mtu akikwambia jifunze kwa asili afu anachokufundisha ni kukaza tu, basi huyo asili yenyewe hajaiangalia vizuri.

Tuanze na ya kaka yako kwa sababu naona ndo yanakuuma zaidi. Kuhusu swala hajadanganya, na mimi sitakuficha, simba anamchagua mgonjwa na mtoto, porini hakuna anayekuhurumia. Alichokosea ni kudhani hiyo ndo stori nzima. Mwaka 1862 kuna kijana wa Kirusi aliitwa Peter Kropotkin, ofisa wa jeshi ila kichwa chake kilikuwa kwenye jiografia, alienda kukaa Siberia, upande wa Urusi wenye baridi kali, akakaa huko mpaka 1867. Huo ni wakati ambao watu waliosoma walikuwa wanazungumzia mawazo ya Darwin, yule mwanasayansi wa Kiingereza aliyesema viumbe wanagombania uhai na wanaofaa zaidi ndo wanabaki, maana Darwin alikuwa ametoa kazi yake kubwa mwaka 1859, na Kropotkin akawa anatafuta kwa macho yake yale mapambano makali ya wanyama wa jamii moja wakigombania uhai. Na kama kuna mahali ungetegemea kuyakuta ni huko, kwenye baridi ile na dhoruba za theluji zinazoua wanyama kwa makundi. Alitafuta kwa bidii na vile alivyotarajia hakuyaona. Alichokuwa anakutana nacho ni wanyama wanaosogeleana hali inapokuwa mbaya, kwa mfano aliwaona swala wa kule wakitoka kwenye eneo kubwa sana wakakusanyika kwa maelfu wavuke mto Amur kwa pamoja pale unapokuwa mwembamba, wakikimbia theluji nzito. Na kitu kingine alichokisema, hiki ningependa kaka yako akisikie: msimu mbaya ukipita, hata wale waliosalia wanatoka wamekonda, wamedhoofika, afya imeshuka. Hakuna bingwa anayetoka hapo na misuli. Kwa hiyo wewe kutoka kwenye mwaka wa kuuguza na kuzika ukiwa umechoka hivyo, hiyo ni hali ya kawaida ya kiumbe chochote kilichotoka kwenye msimu mbaya, wala haikufanyi kuwa swala wa kuliwa.

Sasa nataka nikupeleke kwa kamongo, na hapa nivumilie kidogo ntaongea sana kwa sababu naona barua yako na samaki huyu mnafanana kuliko unavyofikiri.

Kamongo ni samaki, ila ana mapafu, anapanda juu ya maji kuvuta hewa. Anaishi kwenye mito na mabwawa ya Afrika ambayo mengine yanakauka kabisa kiangazi. Samaki wa kawaida bwawa likikauka anakufa, stori imeisha. Kamongo maji yakianza kupungua haanzi kukimbizana na tope atafute maji mengine, anaanza kuchimba. Anachimba wakati tope bado laini, anang'ata udongo kwa mdomo anashuka chini, akifika anajikunja kichwa kikiwa juu, afu mwili wake unatoa ute mwingi sana ambao unakauka unakuwa kama mfuko mwembamba umemzunguka pande zote. Humo ndani anapunguza kila kitu. Moyo unapiga taratibu, pumzi anavuta mara chache mno, hali chochote, anaishi kwa kuyeyusha misuli yake mwenyewe. Anaweza kukaa hivyo miezi mpaka mvua irudi, na kuna waliowekwa maabara wakakaa hivyo zaidi ya miaka 3 wakatoka hai.

Ukimfukua katikati ya kiangazi ukamwangalia utasema huyu ni mvivu au amekufa. Kumbe yuko kazini, kazi yake kwa wakati huo ni kutokumaliza nguvu aliyonayo.

Hapo mwanangu nakuona wewe kabisa. Kulala mchana, kukaa kimya, kutotaka watu, mwili wako umeshusha kila kitu chini kwa sababu ulitumia kupita kiasi, uliuguza mtu usiku na mchana, na kumuuguza mzazi siyo kazi ndogo, afu ukazika, afu hujapata hata nafasi ya kuwa na huzuni kwa sababu kila mtu anataka uchangamke. Kujikunja kwako kuna maana. Naomba uache kujiaibisha kwa hilo.

Ila kuna kitu kamongo anafanya ambacho wewe hujafanya, na hapa sikubembelezi kama ulivyoniomba. Ule mfuko wake haujazibwa wote. Pale penye mdomo anaacha katundu kadogo, na juu yake kuna njia ile aliyoshukia, hewa inapita humo. Kila kitu amekifunga isipokuwa hapo. Angepaziba angekufa ndani ya mfuko wake mwenyewe hata kiangazi hakijakolea. Wewe simu sailenti, meseji hujibu, jamaa anayekutafuta humpigii, na usiku huna usingizi uko peke yako na mawazo. Umejifungia vizuri tu, tatizo umeziba na tundu. Sikwambii ufungue milango yote, wala usianze kwenda kwenye shughuli za watu na kucheka usichotaka kucheka. Nakwambia acha mtu mmoja, wawili, ambao hewa inapita kwao. Huyo jamaa wa kazini ndo wa kwanza. Unasema hujui utamwambia nini, mwandikie hivi: "Samahani nimekuwa kimya, nilifiwa na mama, bado sijakaa sawa, ila nashukuru unanitafuta." Basi. Hakuna mtu wa maana atakayekudai maelezo zaidi ya hayo.

Na kuna sababu nyingine ya kumtafuta mtu ambaye siyo ndugu yako. Huko Amerika ya Kati na Kusini kuna popo wanaoishi kwa kunywa damu ya wanyama tu, hawana chakula kingine. Shida ni kwamba popo huyu akikosa usiku mmoja ni hatari, akikosa usiku mbili tatu mfululizo anakufa. Na kukosa ni jambo la kawaida kwao, kuna usiku unatoka unarudi patupu. Mwaka 1984 mtafiti Gerald Wilkinson alieleza alichokiona Costa Rica, kwamba popo aliyerudi na njaa anamsogelea mwenzake aliyeshiba, na yule aliyeshiba anatapika sehemu ya damu aliyokunywa anampa. Siyo kitu kizuri kukiangalia nadhani, lakini ndo kinachowaweka hai. Baadaye mtafiti mwingine, Gerald Carter, akaendelea na kazi hiyo, na wakaonyesha kuwa kinachoamua sana nani atampa nani ni kama huko nyuma walishawahi kupeana, hilo lina uzito kuliko udugu. Afu kikaja kilichonigusa mimi. Wakajaribu kumwondoa kwa muda yule popo anayemlisha sana mwenzake, waone huyu anayebaki na njaa atapata kwa nani. Wale waliokuwa wamezoea kuwapa hata wasio ndugu zao ndo ambao hawakupungukiwa sana.

Sasa we angalia ulivyokaa. Nyumba ya kaka, chakula cha kaka, maneno ya kaka, faraja ya kaka, na kaka mwenyewe kafiwa na mama huyo huyo. Umewahi kufikiria hilo? Hata kwenye barua yako umeandika "mama" kama alikuwa wako peke yako. Simsemi vibaya wala wewe sikusemi, msiba unamfunga kila mtu macho kwa namna yake. Huenda hayo makelele ya amka changamka ndo namna yake yeye ya kutokaa chini akalia. Mtu mmoja hawezi kubeba mizigo yako yote na wake pia, atachoka na akichoka ndo hayo maneno makali yanatoka. Kwa hiyo huyo jamaa wa kazini, na yule dada wa sauti ndefu pia japo anachosha, hao ni watu, usiwatupe.

Tuje kwenye mti. Nimefurahi umeuandika kwa undani vile, umepasuka wapi, magome yameachia wapi, manake hapo ndo jibu lako lilipo na wewe umelikalia jioni nzima bila kuambiwa.

Kuna mtafiti wa misitu wa Marekani aliitwa Alex Shigo. Huyu bwana alichukua msumeno wa mashine akaanza kupasua miti kwa urefu, toka juu kwenda chini, maelfu ya miti, aone ndani kuna nini pale ilipoumia. Mpaka wakati huo watu walikuwa wanauelewa mti kama wanavyoelewa ngozi ya mtu, umekatwa, kidonda kimefunga, umepona. Shigo akakuta sivyo. Mti hauponi. Hauna uwezo wa kurudisha sehemu iliyokufa iwe kama ilivyokuwa, ngozi yako unaweza, mti hauwezi. Unachofanya ni kujenga kuta. Unaziba vile vijinjia vinavyopitisha maji juu na chini ya kidonda ili uozo usisafiri, unaweka kizuizi kuelekea ndani, unaweka na pembeni, afu ukuta ulio imara kuliko zote ni ule wa mbao mpya inayoota baada ya kuumia, inatenganisha kilichokuwepo siku ya kidonda na kila kitakachokuja baadaye. Kidonda kinabaki. Kinabaki humo humo, urefu ule ule toka chini, kwa sababu mti unarefuka kwenye ncha zake, shina haliinuki. Ukija kuupasua miaka mingi baadaye unakikuta, unaweza hata kuhesabu pete ujue mwaka gani uliumia.

Ulipokaa pale ukakasirika ulidhani mti umeshaimaliza shida yake wewe bado. Haujaimaliza mwanangu. Ule upande uliokauka utabaki mkavu, radi ile iko ndani yake mpaka siku utakapoanguka. Majani unayoyaona ni ya upande ambao radi haikuufikia. Na kujenga hizo kuta kunakula nguvu, ndo maana mti ulioumia sana unaweza kukaa unakua polepole kuliko wenzake.

Kwa hiyo anayekwambia utapona umsahau mama, anakuahidi kitu ambacho hata mti hauna, na mimi sikuahidi hivyo. Utakuwa na hiyo sehemu. Kazi yako haiwezi kuwa kuifuta, kazi ni kutokuiruhusu isambae ichukue na vile ambavyo bado ni vizima. Kufiwa ni kidonda kimoja, kukosa kazi ni kingine, wewe kwa sasa umeviunganisha vyote vikawa hukumu moja, "mimi dhaifu". Vitenganishe. Mama alifariki kwa ugonjwa. Kampuni ilifungwa na wenye kampuni. Hamna hata kimoja hapo kilichotokana na udhaifu wako.

Na ukishavitenganisha, angalia kimebaki nini. Hapa sitakaa sana ila lazima nikutajie St. Helens, ule mlima wa volkeno kule Marekani uliolipuka tarehe 18 Mei 1980, watu 57 wakafa na msitu mkubwa ukalala chini kama majani yaliyofyekwa. Wanasayansi wengi walitegemea uhai urudi kwa kutambaa polepole kutoka pembeni, kutoka sehemu zilizosalimika. Walipoingia wakakuta sehemu nyingi uhai umebaki ndani, umefukiwa tu. Mimea iliyokuwa bado chini ya theluji ya mwezi Mei. Panya wanaochimba mashimo, wale jamaa wa aina ya fuko, walikuwa chini ya ardhi saa ile ya mlipuko, wakaendelea kuchimba, na kila walipochimba wakawa wanautoa udongo wa zamani wanauleta juu ya majivu, udongo wenye mbegu na uyoga wa kusaidia mizizi. Yaani kilichosaidia nchi ile kusimama kilikuwa ni mabaki, vitu vidogo ambavyo hakuna mtu alikuwa anavihesabu. Wewe mabaki yako ni nini? Unajua kuuguza mtu mpaka mwisho, wengi hawawezi. Una ujuzi wa kazi uliyoifanya, kampuni ilipofungwa haikuondoka nao. Una mtu wa kazini ambaye bado anakutafuta na hujampa sababu yoyote ya kuendelea kukutafuta, huyo ni mtu wa kweli.

Jambo jingine, tafuta mtu mzima aliyeshapita hapa ulipo. Mwaka 1993 kulikuwa na ukame mbaya sana Tarangire, Tanzania, na watafiti walikuwa wanafuatilia tembo wa huko na watoto wao. Kwa kawaida watoto wachache sana wanakufa, ila mwaka ule kati ya watoto 81 walikufa 16 ndani ya miezi 9. Koo zilizotoka hifadhini kwenda kutafuta maji na malisho kwingine zilipoteza watoto wachache, iliyobaki ndiyo iliyoumia zaidi. Watafiti wanadhani tofauti ilikuwa ni majike wazee, kwamba waliotoka walikuwa na mabibi walioweza kukumbuka ukame wa mwaka 1958 hadi 1961 na wapi pa kwenda, na ukoo uliobaki haukuwa na wazee wa umri huo. Inaeleweka, manake huwezi kukumbuka njia ambayo hujawahi kuipita. Kaka yako huenda hajawahi kukosa kazi na kuzika kwa wakati mmoja, kwa hiyo anakuelekeza njia ya mtu ambaye hajaukuta ukame huu. Kwenye ukoo au mtaani yupo mzee, mama mtu mzima, aliyewahi kupoteza vyote viwili na leo anaishi. Nenda ukae naye, muulize alifanya nini, siku za mwanzo zilikuwaje, wapi alipata msaada. Wazee hao huwa hawaongei mpaka waulizwe.

Kuhusu kutoka nje kama alivyoshauri yule dada, hapo nakubaliana naye ila kwa sababu tofauti na yake. Usitoke ukatafute somo. Toka tu ukakae. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alilinganisha wagonjwa waliotoka kwenye upasuaji wa kibofu cha nyongo hospitali moja ya Pennsylvania, nusu yao dirisha lilikuwa linaangalia miti na nusu linaangalia ukuta wa matofali, na wale wa miti walitoka hospitali mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi, na hakuna aliyewaambia wajifunze chochote kwa hiyo miti. Na mwaka 2019 ukatoka utafiti wa watu karibu 20,000 wa Uingereza, waliokuwa wanapata angalau dakika 120 kwa wiki kwenye sehemu za asili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wanajisikia vizuri, iwe ni mara moja au kwa vipande vipande. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kuwa miti ndo iliyowafanya wawe vizuri, lakini haugharimu kitu, na kwa mtu asiyelala usiku kama wewe mwanga wa asubuhi unaweza kuusaidia mwili ujue mchana ni upi na usiku ni upi. Toka asubuhi basi, hiyo ya jioni waachie wengine kwa sasa.

Kuna mahali kamongo na mti haviwezi kukusaidia na lazima nikwambie. Wao hawajilaumu. Kamongo akiwa kwenye tope hafikirii kwamba angekuwa samaki bora bwawa lisingekauka. Binadamu tunafikiria, na mawazo yale yanaweza yakaendelea kutuweka chini hata mvua ikiwa imeshanyesha zamani. Kama hii hali ya kutolala, kukosa hamu, kujiona huna maana imekuwa karibu kila siku kwa zaidi ya wiki 2, na nikisoma barua yako naona imeshapita hapo, nenda kituo cha afya ukaongee na daktari au mshauri, umweleze kama ulivyonieleza mimi. Kuna msaada wa kuongea na kuna dawa, na kwa watu wengi vinasaidia. Na kama yanakujia mawazo kwamba bora usingekuwepo, usisubiri kesho, mwambie kaka au shemeji siku hiyo hiyo akupeleke, hata kama ni usiku.

Sasa kaka umjibu nini. Usimjibu wakati anasema, hapo mtagombana. Mchukue siku ambayo hajachoka, mkae wawili, umwambie hivi: "Kaka, nashukuru umenipokea. Sijakataa kufanya kazi na sijakata tamaa, nimechoka na nina huzuni ya mama. Ukiniambia dunia ni ya wenye nguvu naumia, kwa sababu nasikia unaniona sifai. Nitaenda kumwona daktari, na kazi nitaanza kutafuta taratibu, ninachoomba kwako ni muda." Afu muulize na yeye, kaka wewe vipi, mama unamkumbuka? Akikaa kimya usimjazie maneno, msubiri.